Taarab ndani ya Game Boy ya zamani: nianze na muziki au na bisibisi?

Msomaji mmoja wa Wete, Pemba, ameniletea swali ambalo nalijibu kwa urefu kwa sababu linastahili urefu huo. Anaeleza kwamba mjomba wake, aliyeishi miaka mingi Muscat, amemwachia Game Boy ya kwanza kabisa, ile ya kijivu iliyo nene, pamoja na kaseti mbili za gemu. Amekuwa akisikiliza muziki wa chipu, yaani muziki unaotungwa kwa chipu za sauti za mashine za gemu za zamani, na kwa kuwa amelelewa katika nyumba inayopenda taarab, anauliza mambo matatu. Je, taarab na kidumbak vinaweza kupigwa kwa mashine kama hiyo vikabaki na ladha yake? Aanze na programu gani? Na je, aifungue mashine aibadilishe, maana ameona watu wa nchi nyingine wakiitia taa nyuma ya kioo na kuitoboa tundu jipya la sauti?

Ndugu yangu, naam, inawezekana, na mimi naamini kwamba taarab inakaa katika chipu hii vizuri zaidi kuliko sehemu kubwa ya muziki ambao walimu wa fani hii huutolea mifano. Usianze na bisibisi. Tunga kwanza kwenye kompyuta au simu mpaka upate kipande kimoja kinachokuridhisha, kisha ifungue mashine kwa ajili ya usafi na kwa ajili ya badiliko moja tu, la kutoa waya safi wa sauti. Mabadiliko mengine yote yanaweza kungoja, na mengine nakushauri uyaache kabisa.

Game Boy ilitoka Japani mwaka 1989, na sehemu yake ya sauti ina njia nne. Njia mbili za kwanza hutoa mawimbi ya mraba, ambayo upana wa mpigo wake, yaani sehemu ya kila wimbi inayokaa juu, unaweza kuwa asilimia 12.5, 25, 50 au 75. Ule wa 75 ukiwa peke yake husikika sawa na wa 25, kwa hivyo kwa hakika unazo rangi tatu za sauti. Njia ya tatu husoma wimbi fupi unalolichora mwenyewe, lenye nukta 32, kila nukta ikiwa na ngazi 16 za kimo. Njia ya nne hutoa mvumo usio na noti, wa aina mbili: mmoja mpana, na mwingine wa mzunguko mfupi wenye mlio wa chuma. Kila njia hupiga noti moja tu kwa wakati mmoja, na kila njia unaweza kuipeleka kushoto, kulia au pande zote mbili, basi. Hakuna zaidi ya hayo.

Mtu anayetoka katika muziki wa Ulaya au wa pop akiona njia tatu za noti huingiwa na dhiki mara moja, kwa sababu muziki wake unasimama juu ya kodi, yaani noti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja. Ndiyo sababu somo la kwanza analofundishwa mwanafunzi wa muziki wa chipu ni kuzipiga noti za kodi moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa mno mpaka sikio lidanganyike kwamba zimepigwa pamoja. Ule mtetemo unaosikika katika nyimbo nyingi za gemu umezaliwa na dhiki hiyo. Sasa wewe sikiliza bashraf, yaani kipande cha ala kisicho na mwimbaji, inayopigwa na klabu kongwe za Unguja, mathalan Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 au Culture Musical Club ya mwaka 1958. Fidla, kanuni, udi, nai na kodiani, zote zinafuata mkondo mmoja wa sauti, kila mpigaji akiupamba kwa namna yake, huyu akitangulia kidogo, yule akikawia, mwingine akiongeza mtetemo mwishoni mwa sentensi. Kodiani na kinanda vimeleta kodi hapa na pale, sikatai, lakini uzito wa muziki huu haumo ndani yake. Umo katika mkondo mmoja unaopambwa. Kwa hivyo usiipoteze hata njia moja kwa kuigiza kodi ambazo taarab haikuziomba. Njia mbili za mraba zinakutosha kuwa fidla na kanuni, na hilo ndilo jambo ningependa ulishike kuliko jingine lolote katika jibu hili.

Wala hii si mara ya kwanza kwa taarab kupitishwa katika chombo chembamba. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua dakika tatu hivi, ilhali taarab ya barazani haina haraka. Nyimbo zilifupishwa, na bado zikabaki taarab.

Kwa mazoezi ya mwanzo nakushauri uchukue kidumbak, si taarab ya okestra, kwa sababu kidumbak ni kundi dogo na mgawanyo wa kazi zake unaonekana wazi. Ipo fidla, lipo sanduku lenye uzi mmoja linalofanya kazi ya besi, zipo ngoma mbili ndogo zenye sauti tofauti, upo mkwasa, yaani vijiti vya kugonganishwa, na zipo cherewa, yaani manyanga. Fidla ikae katika njia ya kwanza ya mraba, kwa upana wa asilimia 25, na mtetemo usiingie mwanzo wa noti bali baada ya noti kutulia, kama afanyavyo mpigaji mwenye adabu. Njia ya pili iwe kivuli cha fidla: mkondo ule ule, kwa upana wa asilimia 12.5, sauti yake ikishuka haraka baada ya kila mdonoo, kwa namna ya kanuni, na uicheleweshe hatua moja katika baadhi ya noti, si zote. Ukizichelewesha zote utapata mwangwi wa mashine. Ukichagua chache, na khasa zile za mwisho wa sentensi, utapata watu wawili wanaosikilizana. Ninawasisitizia wanafunzi wangu jambo hili kila mara kwa sababu hapo ndipo kipande kinapopata uhai au kinapobaki mlio wa saa ya mezani.

Sanduku ni la njia ya tatu. Lichoree wimbi la pembetatu au lenye mgongo wa mviringo, kwa kuwa wimbi lenye kingo kali litaigombania fidla nafasi. Njia hii inashuka mpaka mitetemo 32 hivi kwa sekunde, wakati njia za mraba zinakomea 64. Ina kasoro moja unayopaswa kuijua mapema: kiwango chake cha sauti kina ngazi nne tu, yaani kimya, robo, nusu na yote, na hivyo noti haiwezi kufifia polepole yenyewe. Mpigaji wa sanduku, kwa bahati njema, hafifishi noti zake. Anazidonoa na kuzivuta kwa kuukaza na kuulegeza uzi. Andika noti fupi, ziache nafasi baina yake, na katika noti moja kati ya nne au tano ivute sauti kutoka chini kidogo mpaka mahali pake.

Ngoma zinahitaji ujanja, maana njia zimekwisha kabla ya wapigaji kwisha. Mpigo mzito, ule wa katikati ya ngozi, uweke ndani ya njia ya sanduku: mwanzoni mwa noti ya besi, kwa muda mfupi sana, sauti ianze juu kisha iporomoke haraka mpaka kwenye noti yenyewe. Sikio litasikia ngoma na besi kwa pamoja ingawa ni njia moja. Mpigo mkavu wa ukingoni uweke katika njia ya nne kwa mvumo mpana uliokatwa mapema. Njia hiyo hiyo itabeba cherewa kwa mvumo mpana wenye sauti ya chini, na mkwasa kwa ule mvumo mfupi wa chuma. Vikigongana katika hatua moja, mpe nafasi mkwasa, kwani huo ndio unaoshika wakati, na msikilizaji ataijazia cherewa mwenyewe bila ya kujua kwamba haikupigwa.

Nije sasa kwenye suala ambalo watu wengi hulifikia wakakata tamaa, nalo ni maqam, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Hijaz na Nahawand unaweza kuzipiga kwa noti za kawaida za kinanda na zikakubalika, kwa hivyo anza na hizo. Rast na Bayati zinataka robo toni, yaani nusu ya nusu toni: noti ya tatu ya Rast hukaa baina ya ndogo na kubwa, na noti ya pili ya Bayati vivyo hivyo. Wengi hudhani kwamba chipu ya gemu haiwezi kufika huko. Kwa hakika chipu yenyewe haijui noti yoyote. Inajua namba tu. Hupokea namba kutoka 0 hadi 2047, na mitetemo kwa sekunde ya njia ya mraba hupatikana kwa kugawa 131,072 kwa tofauti iliyopo baina ya 2048 na namba hiyo. Tuchukue Rast inayoanzia do ya kati, yenye mitetemo 261.6. Do hiyo ni namba 1547. Noti ya tatu, tukiiweka katikati kabisa kwa ajili ya hesabu, inataka mitetemo 320.25, na namba 1639 inatoa 320.47. Tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya mia ya nusu toni, na hakuna mpigaji wa fidla atakayekulaumu kwa hilo.

Tatizo linakuja juu. Kadiri sauti inavyopanda, ndivyo namba zinavyopungukiwa na ulaini, mpaka oktava tatu juu ya hapo kuruka kwa namba moja tu ni karibu theluthi ya nusu toni. Huko robo toni huwezi kuiamini, na hata noti za kawaida huanza kupotoka. Kwa hivyo waache waimbaji na fidla wako katika oktava mbili za kati, usipande juu kwa kutafuta mng'aro, na kama unataka mng'aro utafute kwa upana wa asilimia 12.5. Nyongeza moja: noti ya tatu ya Rast haikai mahali pamoja kwa wapigaji wote, na mkondo unapopanda huwa juu kidogo kuliko unaposhuka. Hesabu niliyokupa ni pa kuanzia tu. Ukipata safari ya Unguja, pita katika chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kinachojulikana kwa kifupi chake DCMA, kilichopo Mji Mkongwe tangu mwaka 2002, ukamwombe mwalimu wa kanuni akupigie Rast polepole, kisha uirekodi kwa simu na uilinganishe na namba zako.

Kuhusu programu, kwa kujifunza nakupendekezea Furnace, ambayo ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na inaiga chipu nyingi ikiwamo hii ya Game Boy. Programu za namna hii huitwa treka: muziki huandikwa katika safu zinazoshuka kutoka juu, kila safu ikiwa njia moja, na kila mstari ukiwa hatua moja ya wakati. Sababu yangu kubwa ya kuichagua ni robo toni. Ndani yake ipo amri ya E5 inayosogeza noti kwa sehemu za nusu toni, ambapo 80 ni mahali pa kawaida, 40 ni robo toni chini na C0 ni robo toni juu, kwa hesabu ya kumi na sita inayotumika katika treka. Unaandika mi, unaongeza E540 ubavuni mwake, na noti ya tatu ya Rast imepatikana. Kumbuka kuirudisha kwa E580 kwenye noti inayofuata, kwa kuwa amri hiyo hubaki mpaka uiondoe.

Utakapotaka kupiga kwenye mashine yenyewe, programu iliyozoeleka ni LSDj ya Johan Kotlinski, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 2000 na huwekwa ndani ya kaseti inayoandikika. Imetengenezwa ili itumike kwa vitufe vya Game Boy bila ya kitu kingine. Ukishazoea, vidole hukimbia. Inaandika muziki katika vipande vya hatua 16, vipande huunganishwa kuwa minyororo, na minyororo ndiyo huwa wimbo. Ngoma nyingi zetu hazikai katika 16 bali katika 12. Hilo linatatuliwa kwa kuweka amri ya H00 katika hatua ya C, ambayo ni ya kumi na tatu kwa kuhesabu kutoka moja, na kipande kitaruka kwenda cha pili bila ya kuzimaliza hatua zote. Upo pia ukurasa wa kupanga urefu wa hatua moja moja. Kwa kawaida kila hatua huchukua vijimpigo sita. Ukiweka saba kwa tano, mwendo unaanza kuyumba kidogo kwa namna ambayo masikio ya huku yatautambua. Robo toni katika LSDj ina kazi zaidi, kwani inabidi uandike jedwali dogo linaloipinda sauti kwa amri ya P kwa muda mfupi kisha likaisimamisha, na uipime kwa sikio. Ndiyo maana nasema ujifunze kwanza kwenye Furnace, ukijua unachokitafuta kabla ya kukitafuta kwa shida.

Kama huna kompyuta, LSDj hufanya kazi pia ndani ya programu ya simu inayoiga Game Boy. Sikiliza kwa hedifoni, maana spika ya simu haitoi sanduku hata kidogo, na ukiiamini utaongeza besi mpaka ifurike ukumbini.

Jambo moja zaidi la muziki kabla sijaingia kwenye chuma. Chipu haiimbi. Shairi la taarab lenye mistari ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, linahitaji mtu, na wakati mtu anaimba njia za mraba zinapaswa kumwachia nafasi: fidla ishuke mpaka nusu ya sauti yake au inyamaze, kisha ijibu katika pengo lililopo baina ya kipande na kibwagizo. Mtunzi mgeni wa chipu huogopa ukimya kwa kuwa anazo njia nne tu na anaona hasara kuiacha hata moja. Katika taarab pengo ndilo linalomwita mjibu.

Sasa mashine. Kabla ya kuifungua angalia chumba cha betri. Game Boy yako inatumia betri nne za kawaida za volti 1.5, na zikiachwa ndani kwa miaka huvuja. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani kwenye vibati vya betri, upanguse kwa kijiti cha pamba kilicholowa siki, kwa kuwa uvujaji wa betri za alkali hutulizwa na asidi, kisha upanguse tena kwa spiriti safi na uache pakauke kabisa. Meno ya kaseti nayo yasafishe kwa spiriti. Usipulize kwa mdomo, kama tulivyokuwa tukifanya sote utotoni kwa zile mashine za bei nafuu zenye kaseti za manjano. Pumzi ina unyevu, na visiwani kwetu unyevu na chumvi ya hewa vinatosha bila ya kuongezewa.

Ikiwa baada ya hapo inawaka na kutoa sauti, basi imebarikiwa kuwa nzima, na unaweza kuifungua kwa utulivu. Skrubu za nje ni sita, mbili kati yake zimo ndani ya chumba cha betri, na aghlabu zina kichwa cha miguu mitatu, kwa hivyo tafuta bisibisi yake maalumu. Ukilazimisha ya kawaida utazila. Toa betri kwanza. Nusu mbili za ganda zimeunganishwa kwa utepe wa nyaya mwembamba, nao unavutwa taratibu kwa kushikwa pande zote mbili. Ndani, kagua kama pana kutu, safisha swichi ya kuwashia kwa matone ya spiriti huku ukiisogeza mbele na nyuma mara nyingi, na gurudumu la sauti vivyo hivyo ikiwa linakwaruza. Baada ya kuifunga, iweke katika kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu. Mchele hausaidii, na huacha vumbi.

Badiliko ninalolikubali ni hili. Sauti inapotoka kwenye chipu hupita katika gurudumu la sauti, kisha katika kikuza sauti kidogo, ndipo ifike kwenye spika na tundu la hedifoni. Kikuza sauti hicho kimetengenezwa kwa ajili ya spika ndogo. Kinakula besi na kuongeza mvumo wake mwenyewe. Wapigaji hutoa nyaya mpya kabla ya gurudumu: moja ya kushoto, moja ya kulia na moja ya ardhi, wakazipeleka kwenye tundu jipya ubavuni. Sauti inakuwa na nguvu zaidi, besi inakuwa pana zaidi, na mvumo unapungua sana. Fahamu kwamba gurudumu la mashine halitaitawala tena sauti ya tundu hilo. Utaitawala kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti.

Kazi yenyewe ni nyaya tatu. Tumia pasi ndogo ya kuchomelea ya wati 25 hadi 40, risasi ya kawaida ya 60 kwa 40, ambayo huyeyuka chini kidogo ya nyuzi 190 za Selsiasi, na waya mwembamba wenye ganda la kuzuia mivumo. Usiikalishe pasi juu ya bodi zaidi ya sekunde tatu. Ikishindikana, ondoa, acha ipoe, rudia. Fanya mahali penye upepo na unawe mikono baadaye. Kama hujawahi kushika pasi, chukua kwanza bodi ya redio iliyokufa kutoka kwa fundi yeyote wa Wete, uchomoe na kuchomelea nyaya juu yake mpaka vifundo vyako viwe laini na vya kung'aa. Na kwa kuwa mashine hii ni kumbukumbu ya mjomba wako, usilitoboe ganda lake. Maganda mapya ya Game Boy yanauzwa kwa bei ndogo mitandaoni. Litoboe hilo, na la kijivu ulihifadhi.

Taa ya nyuma ya kioo iache kwa sasa. Kwa kioo cha asili inabidi ubandue ngozi ya nyuma iliyogandishwa kwa gundi juu ya kioo chenyewe, na mkono usiozoea hukipasua. Vioo vipya vya kisasa ni rahisi zaidi kuviweka na vinapendeza, lakini vingi huingiza mvumo katika sauti, jambo ambalo kwa mchezaji wa gemu si kitu na kwa mwanamuziki ni hasara. Ukiona mistari ya wima iliyofutika kwenye kioo chako cha sasa, huo ni ugonjwa wa kawaida wa utepe uliogandishwa chini ya kioo, na mara nyingi hupona ukipashwa moto kidogo kwa pasi, kwa uangalifu mkubwa. Lile badiliko la kung'oa kristali ya 4.194304 MHz na kuweka kifaa cha kuongeza na kupunguza kasi ya mashine silipendi kwa ajili yako kabisa. Hubadilisha mwendo na noti zote kwa pamoja, na kazi yote tuliyoifanya ya robo toni italazimika kupimwa upya dhidi ya fidla ya kweli.

Jukwaani tumia betri, si chaja. Umeme wetu ni wa mitetemo 50 kwa sekunde, na chaja za bei nafuu huupitisha mvumo wake moja kwa moja hadi kwenye spika. Betri nne za kuchaji zenye volti 1.2 kila moja hufanya kazi vizuri ingawa jumla yake ni volti 4.8. Chomeka kwenye tundu la laini la mikisa, usichomeke kwenye la maikrofoni, na waombe wenye mitambo wakuanzishie chini. Kumbi nyingi huunganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, kwa hivyo usitegemee kwamba fidla iliyo kushoto na kanuni iliyo kulia zitasikika zimetengana. Zitenganishe kwa upana wa mpigo na kwa oktava.

Ukitaka kupiga nyimbo za klabu mbele ya watu au kuziuza, omba ruhusa ya wenyewe, na ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, COSOZA, ndiyo mahali pa kuulizia taratibu. Kwa kipande chako cha kwanza ningependelea utunge bashraf yako mwenyewe katika Hijaz, ya dakika tatu, bila ya mwimbaji.

Mwisho ni uhifadhi wa kazi. Kaseti nyingi zinazoandikika huzishika nyimbo kwa nguvu ya betri ndogo ya kidonge iliyomo ndani, na betri hiyo ikiisha au ukiichomoa kuibadilisha, kila kitu kilichohifadhiwa hufutika. LSDj ina nafasi 32 za nyimbo, zote katika hifadhi moja ya kilobaiti 128, kwa hivyo hasara ikitokea huwa ya zote. Ikiwa bei inakuruhusu, nunua kaseti yenye kumbukumbu ya FRAM, ambayo haihitaji betri. Ikiwa haikuruhusu, tafuta kifaa cha kusomea kaseti kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa USB, na uinakili hifadhi hiyo kila unapomaliza kutunga, kabla ya kuizima mashine kwa siku nyingi.